Malipo ya Siku na Malipo ya Miaka: Kazi ya Mpiga Kinanda wa Studio

Ndugu wapiga vinanda, ndugu watunzi, nanyi mafundi wa studio mliojitokeza jioni hii,

Mwaka 1966, katika studio ndogo ya Norala mjini Sheffield, jimbo la Alabama, Percy Sledge alirekodi "When a Man Loves a Woman". Kinanda mnachokisikia humo ni Farfisa, chombo cha transista kutoka Italia, na aliyekipiga ni kijana wa miaka 22 aitwaye Spooner Oldham. Kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zinashikiliwa kwa muda mrefu, besi inashuka hatua kwa hatua, na mwimbaji anapata uwanja wote. Mwezi Mei mwaka huohuo wimbo ulishika namba moja Marekani.

Waliosajiliwa kuwa watunzi ni Calvin Lewis na Andrew Wright. Mwaka 1991 Michael Bolton aliuimba upya, ukashika namba moja tena. Toleo hilo la pili liliwalipa watunzi kwa kila nakala iliyouzwa na kwa kila mara redio ilipoupiga. Wapigaji wa 1966 hawakuwa na cha kudai katika mauzo hayo, kwa kuwa sauti iliyouzwa haikuwa yao. Sledge mwenyewe alikuja kusema kwamba kiini cha wimbo kilitoka kwake, akawaachia wenzake jina la utunzi.

Hapo ndipo ilipo mada yangu. Vidole hulipwa mara moja, siku ya kurekodi. Utunzi hulipwa kila wimbo unapouzwa, unapopigwa hewani au unapoimbwa upya na mtu mwingine, hata baada ya miaka 30. Anayetaka kuishi kwa kinanda hadi uzeeni anahitaji kuzimudu kazi zote mbili, tena ajue zinapakana wapi.

Oldham alizimudu zote. Alizaliwa mwaka 1943 Center Star, Alabama, karibu na Muscle Shoals, na akawa mmoja wa wapigaji wa FAME, studio ya Rick Hall. Mchana alipiga katika rekodi za watu waliokodi studio. Usiku, studio ikiwa tupu, alikaa kwenye piano na rafiki yake Dan Penn kutunga. Mwaka uleule wa 1966 waimbaji James na Bobby Purify walirekodi "I'm Your Puppet", wimbo wa Penn na Oldham, ukafika namba 6 kwenye chati ya Billboard. Percy Sledge alirekodi "It Tears Me Up", nao ni wa kwao. Mwaka 1968 kundi la The Box Tops lilifika namba 2 na "Cry Like a Baby", utunzi wa walewale wawili, ambao sasa walikuwa wamehamia Memphis. Mwaka 1971 sauti ya Janis Joplin ilisikika katika "A Woman Left Lonely", wao tena.

Tupige hesabu. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1977 sheria ya Marekani iliweka senti 2 kwa kila wimbo katika kila nakala ya santuri iliyouzwa. Nakala 1,000,000 zikilipwa kwa kiwango kamili zinazaa dola 20,000 za wimbo. Kwa desturi ya wakati ule nusu ilikwenda kwa mchapishaji wa muziki, yaani kampuni iliyousimamia wimbo, na nusu kwa watunzi. Watunzi wakiwa wawili, kila mmoja anapata dola 5,000, kabla ya kuhesabu fedha za redio. Aliyepiga kinanda bila kutunga alipata ujira wa kipindi cha saa tatu, basi. Tena upande wa pili wa santuri ndogo ulipata senti 2 zilezile, hata kama hakuna redio iliyowahi kuugusa. Ndiyo maana watu waligombania sana wimbo wa upande wa pili: ulibebwa na mauzo ya upande wa kwanza.

Kuhusu redio, kila nchi ina lake. Marekani, vituo vya kawaida vya redio humlipa mtunzi na mchapishaji, havimlipi mwimbaji wala mpigaji. Uingereza, chombo cha PPL hukusanya fedha za matumizi ya rekodi na kuwagawia pia wapigaji, mradi jina la mpigaji limeorodheshwa kwenye taarifa za rekodi ile. Nyumbani, sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa ya hakimiliki na hakishiriki, na sehemu hizo mbili ni mifuko miwili: hakimiliki ni ya aliyetunga, hakishiriki inamgusa aliyeimba, aliyepiga na aliyerekodi. Mpiga kinanda asiyehakikisha kwamba ameandikwa kwenye orodha ya wapigaji anaufunga mfuko wa pili kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana hakuna anayeitwa studio kwa sababu anajua sheria.

Tarehe 24 Januari 1967 Aretha Franklin aliingia FAME na prodyuza Jerry Wexler wa kampuni ya rekodi ya Atlantic. Wimbo ulikuwa "I Never Loved a Man (The Way I Love You)", uliotungwa na Ronnie Shannon. Wapigaji walihangaika bila kupata njia ya kuuingia, hadi Oldham alipoanza kupiga kipande kifupi cha kujirudia kwenye piano ya umeme ya Wurlitzer. Kila mtu akajua kazi imepatikana. Ngoma zikakishika, besi ikafuata, na Aretha akakaa kwenye piano ya kawaida. Usikilizeni mwanzo wa rekodi ile mkiwa na kinanda mbele yenu. Nota ni chache, zimetengana, ziko chini ya sauti ya mwimbaji na juu ya besi, na zinaacha mapengo ambamo Aretha anaingia. Oldham aliulizia wimbo unahitaji nini, akakitoa hicho tu.

Kujua mahali pa kukaa ndiyo sehemu kubwa ya ufundi huu. Bendi ya roki ina besi inayoshika chini, magitaa mawili yanayojaza katikati, na mwimbaji aliye palepale katikati. Mpiga kinanda aliyezoea kupiga peke yake, kanisani au hotelini, huja na mkono wa kushoto mzito: anapiga mzizi wa kodi, yaani nota inayoipa kodi jina lake, kwa oktava, na mara moja anagongana na besi. Nota za chini mbili zinazokaribiana zinafanya ukungu ambao fundi wa mikisa, yule anayechanganya sauti zilizorekodiwa, hawezi kuuondoa. Dawa ni hii: besi ikiwepo, mkono wa kushoto usishuke chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya katikati, na mara nyingi unyamaze kabisa. Mkono wa kulia upige nota tatu, bila mzizi ikiwezekana, kwa kuwa mzizi tayari uko kwenye besi. Kodi ikibadilika, usiruke; tafuta mgeuzo, yaani mpangilio mwingine wa nota zilezile za kodi, ambao vidole viwili vinabaki palepale na kimoja tu kinasogea.

Nicky Hopkins wa London alikuwa bingwa wa kukwepa magitaa. Alizaliwa mwaka 1944, akasoma Royal Academy of Music, akaacha masomo akiwa na miaka 16 kuingia bendi ya roki. Ugonjwa wa Crohn ulimlaza hospitali muda mrefu akiwa bado kijana, na safari za bendi zikawa mzigo kwa mwili wake. Studio ikawa mahali pake. Alipiga kwenye albamu ya kwanza ya The Who, kwa The Kinks, kwa The Rolling Stones katika "She's a Rainbow", "Sympathy for the Devil" na "Angie", kwa The Beatles katika "Revolution" iliyotoka kwenye santuri ndogo, na kwa John Lennon katika "Jealous Guy". Magitaa yanapojaa katikati, mkono wake wa kulia unapanda oktava mbili za juu, anapiga vishazi vifupi vinavyojibu mstari wa mwimbaji. Gitaa likinyamaza, anashuka na kujaza. Hiyo ni kazi ya sikio zaidi ya kazi ya vidole, na vidole vyake vilikuwa hodari mno.

Lakini tazameni majina ya watunzi kwenye nyimbo hizo nilizozitaja. La Hopkins halimo. Alitunga kidogo, kwa mfano "Edward, the Mad Shirt Grinder" akiwa na Quicksilver Messenger Service mwaka 1969, na alitoa albamu yake mwaka 1973. Alifariki Nashville mwaka 1994 akiwa na miaka 50, na jina lake likaingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2025. Oldham aliingizwa humo mwaka 2009, akiwa hai. Na kuna rekodi moja inayowekea watu wa aina hizi mbili jina pamoja: "You Are So Beautiful" ya Joe Cocker, ya mwaka 1974. Piano ni ya Hopkins. Mtunzi ni Billy Preston, naye mpiga kinanda wa studio, pamoja na Bruce Fisher. Vinanda viwili katika wimbo mmoja, kimoja kilicholipwa siku ile na kingine kinacholipwa mpaka leo.

Preston huyohuyo anatufundisha jambo jingine. Santuri ya "Get Back" ya mwaka 1969 imeandikwa "The Beatles with Billy Preston", heshima kubwa sana, na piano ya umeme ya Rhodes inayosikika katikati ni yake. Hata hivyo utunzi umesajiliwa kwa Lennon na McCartney. Jina lililo usoni mwa santuri na jina lililo kwenye utunzi ni vitu viwili tofauti. Nyumba ya Preston ilijengwa na nyimbo zake mwenyewe, kama "Will It Go Round in Circles" na "Nothing from Nothing", zote mbili namba moja Marekani.

Niwape utaratibu wa siku ya kurekodi. Kipindi cha kawaida kwa mikataba ya chama cha wanamuziki Marekani ni saa tatu, na muziki uliokamilika ndani yake usizidi dakika 15. Maana yake mnategemewa kumaliza nyimbo tatu hadi nne, na hakuna muda wa kujifunza wimbo kwa kurudiarudia. Demo, yaani rekodi ya majaribio ya wimbo, huchezwa mara moja au mbili, kila mtu anaandika chati yake, yaani karatasi ya kodi za wimbo, kisha kazi inaanza.

Chati hiyo huandikwa kwa namba. Mfumo huu ulianzishwa Nashville mwishoni mwa miaka ya 1950 na Neal Matthews wa kundi la The Jordanaires, na sasa unatumika mbali sana na Nashville. Kodi ya ufunguo, yaani ya nota ya kwanza ya skeli ya wimbo, ni 1, ya nota ya nne ni 4, ya tano ni 5. Kodi ya maina (minor) hupewa alama ya kutoa, kwa mfano 6-. Mfuatano wa besi inayoshuka unaandikwa 1, 5/7, 6-, 1/5, 4, 5, 1, ambapo namba iliyo baada ya mkwaju ni nota ya besi. Kodi mbili katika kipimo kimoja, yaani kundi moja la mapigo, hupigiwa mstari chini. Kodi inayopigwa mara moja na kuachwa ilie huzungushiwa umbo la almasi. Aliyekulia kwaya yenye nota za d, r, m, f, s tayari anaujua msingi wake: do inahama, uhusiano unabaki. Faida huonekana mwimbaji anaposema ufunguo ni wa juu mno. Mwenye namba hafuti kitu. Mwenye kodi za herufi anaanza kuandika upya huku wenzake wanamsubiri, na saa ni ya mwenye studio.

Mkiandika, hesabuni vipimo vya kila sehemu na muandike idadi pembeni: utangulizi 4, beti 16, kiitikio 8. Makosa mengi ya siku ya kwanza hayatoki kwenye kodi ngumu. Yanatoka kwenye kipimo cha ziada ambacho mtunzi alikiweka ili avute pumzi, na hakuna aliyekihesabu. Wekeni pia alama ndogo mwimbaji anapopumua. Hapo ndipo kinanda kinaruhusiwa kusema. Ukijaza wakati anaimba, prodyuza atakifuta ulichopiga, na ikiwa maikrofoni ya mwimbaji imekinasa chombo chako kwa kuwa mko chumba kimoja, hawezi hata kukifuta; itabidi kurudia yote.

Mzunguko wa kwanza pigeni kidogo kuliko mnavyotamani. Beti la kwanza mnaweza kukaa kimya kabisa na kuingia kwenye kiitikio. Ni rahisi prodyuza kuwaambia muongeze. Kumwambia mpigaji apunguze kunachukua muda na kunaumiza moyo.

Juu ya muda wa kuingia, sikilizeni Hammond, kinanda cha umeme, katika "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan, iliyorekodiwa New York Juni 1965. Al Kooper aliingia studio ile akitarajia gitaa, akaishia kwenye kinanda kilichoachwa wazi Paul Griffin alipohamia piano. Hakuwa mpiga Hammond, kwa hiyo alisubiri bendi ibadilishe kodi kwanza, akafuata nusu pigo nyuma. Kuchelewa kule ndiko kulikoipa rekodi mvuto wake. Nawaomba msikinukuu kisa hiki kama ruhusa ya kutojiandaa. Miezi michache kabla, Kooper alikuwa na wimbo namba moja Marekani akiwa mtunzi mwenza, "This Diamond Ring". Alijua nyimbo zinavyojengwa, na sikio la mtunzi ndilo lililomwambia asubiri wapi.

Sasa vyombo, na mnivumilie hapa, kwa sababu fedha nyingi za studio hupotelea kwenye chombo kibovu.

Wurlitzer ina funguo 64. Kila ufunguo una nyundo inayogonga ulimi wa chuma, na ulimi unatikisika ndani ya pengo la bamba lenye umeme. Ukigonga taratibu sauti ni laini. Ukigonga kwa nguvu inakoroma. Kwa hiyo fundi akipima kiwango cha sauti, mpigieni sehemu kali kuliko zote za wimbo, sivyo kiitikio kitapasuka. Ncha ya kila ulimi ina tone la risasi ya kulehemia. Ukilipunguza kwa tupa, nota inapanda. Ukiongeza risasi, inashuka. Punguza kwa mpapaso mmoja mmoja, usikilize, maana kurudisha ni kazi kubwa zaidi. Ulimi uliokuwa sawa jana na leo umeshuka ghafla una ufa, na utakatika. Usihangaike kuutyuni, ubadilishe. Unashikwa na skrubu moja. Skrubu ikilegea nota inakuwa butu au inavuma. Ulimi usipokaa katikati ya pengo utagusa bamba, na hapo mtasikia mlio wa kupasuka. Vumbi au kipande kidogo cha risasi kilichonaswa humo hufanya vilevile. Umeme wa hapo unazidi voti 100: chomoeni waya ukutani na msubiri kabla ya kuingiza mkono.

Hammond B-3 ni habari nyingine. Ndani yake kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozungushwa na mota. Kuiwasha kuna mpango: bonyeza swichi ya kuanzisha kwa sekunde 8 hivi, kisha ukiwa bado umeishikilia washa ya kuendesha, shikilia sekunde 4 zaidi, achia. Ukiachia mapema, mota haijafikia mwendo na kinanda hakitatoa sauti sahihi.

Mota hiyo inafuata mizunguko ya umeme wa nchi, na hapa wengi wanaoagiza Hammond kutoka Marekani huumia. Umeme wa Marekani ni mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu, Tanzania na Kenya, ni 50. Watu hununua transfoma ya kushusha voti 230 hadi 120, wanawasha, na kinanda kinalia chini kwa karibu nusu toni tatu: unabonyeza C, inatoka A. Transfoma hubadilisha voti, haigusi mizunguko. Inatakiwa mashine ya kubadilisha mizunguko, au chombo kilichotengenezwa kwa soko la mizunguko 50. Kwenye jenereta lililozidiwa mzigo, mwendo wa injini ukishuka nota zote zinashuka nao, na gitaa halina la kufanya. Kabla ya kulipa usafiri wa mzigo wa karibu kilo 190, someni kibati cha nyuma.

Hammond haijui nguvu ya kidole. Mpiga piano anayehamia huku hugonga kwa nguvu akitaka sauti kubwa, anaumiza vidole bure. Ukubwa wa sauti uko kwenye pedali ya mguu wa kulia. Pedali ya kushikilia nota haipo, kwa hiyo kodi huunganishwa kwa kubadilishana vidole juu ya ufunguo uleule. Fimbo za kuvuta ni 9 kwa kila seti, kila moja ina ngazi 0 hadi 8. Kwa kuanzia vuta tatu za kwanza mpaka mwisho, nyingine zirudishe. Ukiwasha ule mlio mkali wa kugonga wa mwanzo wa nota, fimbo ya tisa ya safu ya juu ya funguo hunyamaza, kwa kuwa njia yake ya umeme imeazimwa, chombo hakijaharibika. Na spika ya Leslie, ile yenye baragumu linalozunguka, ina mwendo wa taratibu na wa kasi. Haifiki kasi papo hapo. Ukitaka ifike kilele kwenye pigo la kwanza la kiitikio, badilisha swichi kipimo kimoja kabla.

Wengi wetu tuna kompyuta mpakato na kinanda cha kuchomeka, na sauti zote hizo zimo ndani yake. Hakuna ubaya, ila angalieni bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 128 katika kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde inachelewesha sauti chini ya milisekunde 3. Ya 1,024 inachelewesha zaidi ya 21, na hapo mpigaji anaanza kuivuta bendi nyuma bila kujua kwa nini. Ongezeni bafa wakati wa mikisa, ipunguzeni wakati wa kurekodi.

Nirudi kwenye mpaka kati ya kupiga na kutunga, maana ndipo urafiki unapovunjikia. Kipande cha Oldham ndicho kilichoufungua wimbo ule wa Aretha, lakini utunzi ulibaki wa Shannon, na huo ndio uliokuwa mwenendo wa kazi: mpigaji huleta mapambo, hulipwa ujira, huenda nyumbani. Matthew Fisher wa Procol Harum alilipeleka swali hili mahakamani. Melodi ya Hammond katika "A Whiter Shade of Pale" ya mwaka 1967 ni yake, na wimbo ulisajiliwa kwa Gary Brooker na Keith Reid. Alifungua madai mwaka 2005. Desemba 2006 Mahakama Kuu ya London ilimpa asilimia 40 ya haki za muziki wake. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba ni mtunzi mwenza lakini ikamnyima fedha kwa kuwa alichelewa mno. Julai 2009 House of Lords ikamrudishia, kwa fedha za kuanzia siku alipodai. Mirabaha ya miaka 38 iliyotangulia haikurudi. Naamini alistahili, melodi ile huimbwa na watu wasiokumbuka hata neno moja la wimbo. Lakini haki iliyohitaji mahakama tatu ingeweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja siku ya kwanza.

Ukurasa huo ni rahisi. Juu, jina la wimbo na tarehe. Chini yake majina kamili ya kila mtunzi kama yalivyo kwenye kitambulisho, siyo jina la jukwaani, kwa sababu chama cha mirabaha hakimlipi mtu kwa jina la utani. Kisha asilimia ya maneno na asilimia ya muziki kwa kila mmoja, jumla ikiwa 100 kamili. Karatasi zenye jumla ya 105 hukwamisha malipo ya wote. Namba ya uanachama na mchapishaji wa kila mmoja, kama yupo. Sahihi. Halafu, chini ya mstari mwingine, orodha ya waliopiga na chombo cha kila mmoja, hata walioko kwenye utunzi, kwa ajili ya mfuko wa hakishiriki. Msiwaandike kwenye utunzi watu waliokuwemo chumbani tu. Na ukiombwa ubuni utangulizi au melodi ya kinanda ambayo haikuwemo kwenye demo, uliza palepale, kwa upole, mbele ya wote: hili ni la ujira au la utunzi? Jibu lolote mtakalokubaliana, liandikeni kabla ya kuzima ampu, na kila aliyetia sahihi aipige picha karatasi kwa simu yake.